Ukoko wa Mwishehe

Lulu alikuwa ameinamia rundo la nazi sokoni Mabibo, anaokota moja moja, anaitikisa sikioni, isiyomridhisha anairudisha. Mwenye nazi alishamchoka. Wabeba mizigo walikuwa wanapita na matenga ya nyanya wakipiga kelele, "Maji ya moto! Maji ya moto!" ili watu wawapishe, na yeye wala hana habari nao. Alivaa dera la zambarau, mtandio umemwangukia mabegani, na kope zake, jamani, zile kope hazikununuliwa dukani.

"Samahani, sista. Hiyo inasema nini?"

Lulu akainua macho. Akaona kijana mrefu, mabega mapana, shati limejaa vitundu vya cheche, mkononi kashika futi ya kupimia.

"Inasema nisiongee na watu wanaosikiliza mazungumzo ya wenzao."

"Na hii?" Kijana akaokota nyingine, akaitikisa, akakunja uso kama mganga. "Hii inasema mumeo kapata."

"Hiyo koroma. Haijui inachosema. Sina mume mie."

Mwenye nazi akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Kijana aliitwa Mwishehe, fundi wa kuchomea mageti, karakana yake iko Chang'ombe. Mabibo alikuja kupima mlango wa stoo ya mteja, lakini mlango aliusahau palepale. Alipoona Lulu anajaziwa gunia zima la nazi, akashangaa.

"Gunia lote hili la nini?"

"La nyumbani."

"Kwenu mnaishi wangapi? Kata nzima?"

"Sie tunapenda nazi tu," Lulu akasema, akageuka akajifanya anatafuta bajaji.

Jibu hilo lishike vizuri, maana ugomvi wote utakaokuja mizizi yake iko hapo. Mwishehe hakulishika. Alijitwisha gunia mpaka kwenye bajaji, akalipakia, akasimama mlangoni hataki kutoka.

"Nipe namba yako."

"Ya nini?"

"Nijue kama nazi zimefika salama."

Lulu akampa. Nazi zilifika salama, na simu haikupoa tena.

Sasa, huyu Mwishehe alikuwa na ugonjwa mmoja, kupenda kula. Si ulafi, hapana. Mtu anayekula huku akiheshimu chakula, anayefumba macho tonge likipita. Wanaume wengine wakipiga simu huuliza, "Uko wapi? Uko na nani?" Yeye swali lake la kwanza lilikuwa, "Umekula nini, laazizi?" Lulu alifanya kazi kwenye duka la dawa Manzese, anavaa koti jeupe, anakaa nyuma ya kioo, na alizoea kunywa soda na keki mchana kutwa. Mwishehe alimhurumia kuliko wagonjwa walioingia pale. Akaanza kumzungusha mjini kumlisha. Jioni moja supu ya pweza Kinondoni, wamesimama, pilipili inawatoa kamasi. Jumapili chapati za kusukuma na maharage ya nazi kwa dada mmoja wa Kinyakyusa, Sekela, ambaye maharage yake yanakufanya usahau nyama. Lulu alikula, akacheka, akanenepa mashavu.

"Lakini hawa wote wanafunzi," Mwishehe akamwambia siku moja kwenye simu. "Mwalimu wao ninaye mie, hapa hapa karibu na karakana yetu."

"Nani huyo?"

"Tunamwita Bi Mwana. Ana kibanda cha mabati, mabenchi, basi. Lakini wali wake, mpenzi! Anaupalia mkaa juu ya mfuniko, nazi yenyewe tui zito, halafu samaki wa kupaka. Na ukoko, Lulu. Ukoko wa pale unalia mdomoni. Siku nikupeleke."

Lulu akaiondoa simu sikioni, akaitazama.

"Halo? Bebi?"

"Nipo," Lulu akasema. "Mie vyakula vya kibandani sili. Tumbo langu halitaki."

"Si juzi umekula kwa Sekela?"

"Hebu niache, mteja kaja."

Mteja hakuwepo. Lulu aliweka simu mezani, uso unamwaka moto, akajifanya anapanga panadoli. Raudha, mwenzake wa dukani, akamuuliza kulikoni, akasema joto.

Bi Mwana wa kibandani ndiye Bi Mwanakombo, mama mzazi wa Lulu. Wali ule ndio uliomlea. Nazi zile za Mabibo zilikuwa za kibandani. Lulu alipokuwa shuleni wenzake walimwita "Binti Sufuria" kwa sababu sare yake ilinuka moshi, na siku moja walimwimbia darasa zima mpaka akakimbilia chooni. Toka siku ile akajiapia hatakanyaga tena kibandani mchana. Nyumbani kwao Temeke Mikoroshini alimpenda mama yake, alimkanda miguu, alimnunulia vitenge. Lakini habari za kibandani hakutaka hata kuzisikia, na watu wakimuuliza alisema, "Mama ana biashara zake." Alijua ni vibaya. Kila akisema hivyo alijisikia mchafu, na akasema tena kesho yake.

Na mama yake je? Bi Mwanakombo alikuwa mjane mnene, mcheshi, mtu wa Mafia, kanga kiunoni, jino la dhahabu linang'aa akicheka, na alicheka kutwa. Mteja aliyekuja na uso wa kesi alitoka na uso wa harusi. Katika wateja wote, mmoja ndiye aliyemtunzia ukoko. Alimkwangulia sufuria, akaufunika kwenye bakuli la bluu, na mtu mwingine akiuulizia alimwambia, "Huo wa mchumba wangu, usiuguse."

Ndiyo. Mchumba. Mwishehe mwenyewe ndiye aliyeanza utani huo. Siku moja, mdomo umejaa mchuzi, alisema mbele ya mafundi wote, "Bi Mwana, wewe usingekuwa mkubwa wangu ningekuoa. Kesho naleta barua ya posa!"

"Ilete," Bi Mwana akajibu, mwiko mkononi. "Ila mie naolewa na sufuria zangu zote. Una nyumba ya kutosha?"

Watu wakaanguka vicheko. Ikawa kila siku, hata jina lake la kweli Bi Mwana hakuwahi kuliuliza. "Mchumba, barua iko wapi?" "Kesho, Bi Mwana, kalamu imeisha wino." Na Mwishehe analamba vidole, anacheua, anasukuma sahani mbele, "Ongeza basi, mke mtarajiwa!" Muntasir, Mwarabu mwenye duka la vyuma jirani na karakana, aliwahi kumwambia, "Wewe siku utaoa kweli, huyu mama atakudai talaka." Loo, angejua.

Mwishehe alipotaka kujitambulisha kwao, Lulu alikuwa na nafasi ya kusema. Alifungua mdomo mara nyingi, akaufunga. Mwisho akajidanganya kwa wazo tamu: si anampenda Bi Mwana? Basi akija atamkuta ndiye mama, atafurahi, tutacheka, yataisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Lulu alikuwa anayaficha kwa leso ya hariri.

Jumamosi ya kujitambulisha Mwishehe alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, kofia ya kufuma, viatu vimeng'aa. Alifuatana na mjomba wake, Mzee Faraji, mtu wa Maneromango, mpole, mshika mila mpaka ncha za kucha. Waliketishwa sebuleni. Lulu alikuwa chumba cha uani na shangazi zake, maneno ya sebuleni hayamfikii. Jikoni kulinukia nazi na ndimu. Mwishehe akavuta pumzi, akakunja uso. Harufu ile aliijua, lakini akili ikakataa kuijua.

Bi Mwanakombo akatoka na sinia, kajifunga kanga mpya, udi unamfuka. Akamwona. Akasahau ugeni, akasahau mjomba, akasahau dunia.

"He! Mchumba wangu! Kumbe wewe?"

Jino la dhahabu liling'aa peke yake pale sebuleni. Mwishehe alihisi damu yote imempanda masikioni. Kila alichowahi kusema kibandani kilimrudia kwa sauti yake mwenyewe: ningekuoa, mke mtarajiwa, ongeza. Mbele ya nani? Mbele ya mama mkwe! Alitamani sakafu ipasuke. Aliangalia vidole vya miguu yake, akaviangalia tu, hakuweza kuinua shingo.

Mzee Faraji alikohoa. Bi Mwanakombo alimtazama yule mzee usoni, akang'amua neno lililomtoka. Kicheko kikamfia. Akatua sinia taratibu, akasema, "Karibuni wageni, karibuni chakula," kwa sauti ndogo ambayo wateja wake hawajapata kuisikia, akarudi jikoni.

Katikati ya sinia, juu ya wali, kulikuwa na ukoko.

Mwishehe hakula hata punje.

"Kula, baba," shangazi mmoja aliyeleta maji ya kunawa akasema.

"Nimeshiba, shangazi. Ahsante."

Kwa watu wa Mafia wa nyumba ile, mkwe anayekataa sinia amewatukana mpaka marehemu wao. Na kwa kina Mwishehe? Bibi yake aliyemlea alimfundisha tangu mdogo: mwanamume hafungui kinywa chake kula mbele ya mama wa mkewe, aibu hiyo ni kama kuvua nguo. Basi huyo kijana akila ametukana, asipokula ametukana. Chagua. Alichagua ya bibi yake.

Barabarani mjomba alisimama. "Mwishehe. Yule mama ulikuwa unamwitaje?"

"Mjomba, tuondoke tu."

"Nimekuuliza."

"Mke mtarajiwa."

"Astaghfirullahi!" Mzee Faraji akavua kofia, akajipepea nayo. "Kuanzia leo, mbele ya yule mama, usije ukatia hata maji mdomoni. Unanisikia? Hata maji. Na barua mie sipeleki mpaka nijue hiyo aibu tunaificha wapi."

Jioni Lulu akapiga.

"Mwishehe, kwetu umetoka na njaa kwa nini?"

"Nilikuwa nimeshiba."

"Umeshiba wewe? Wewe unayekula usingizini?"

"Lulu, niache kwanza."

"Mama kalifunika lile sinia, kakaa nalo jikoni peke yake. Hajasema kitu. Umemfanya nini mama yangu?"

Mwishehe akafikiri aseme. Aanzie wapi? Kwamba mamako nilimposa kabla yako?

"Ulijua tangu lini kwamba Bi Mwana ni mamako?" akauliza badala yake.

Na simu ikakatika, mpaka leo wanabishana ni nani aliyeikata.

Mwishehe akaacha kukanyaga kibandani. Mchana alikula maandazi makavu nyuma ya mageti, amejificha na kofia ya kuchomea usoni. Bi Mwana, siku za mwanzo, aliendelea kukwangua ukoko na kuufunika kwenye bakuli la bluu. Saa ya chakula ikipita alilifunua, akaliangalia, akamwagia kuku. Kwa mwanawe hakusema lile neno lililomtoka sebuleni. Atasemaje? Mama mzima, mjane, kumwita mkwe "mchumba" mbele ya mjomba wake! Aliona ameuvua utu wake mwenyewe. Akawa anapakua kimya kimya, mteja akimtania anajibu, "Kula, baba," basi.

Lulu naye alijua moja tu. Alijua Mwishehe alikuja, akaona mama mkwe ni mama ntilie, akasema kashiba. Alilia, kisha akakasirika, maana hasira ni rahisi kuibeba kuliko aibu. Na chini ya hasira kulikuwa na kijisauti kinamwambia, wewe ndiye uliyemfundisha kuwa mama yako ni kitu cha kufichwa. Kijisauti hicho alikinyamazisha kwa soda na keki.

Halafu siku ya siku. Mwishehe alikuwa na kazi Manzese, kufunga geti kwenye uchochoro, na njaa ya maandazi ilimshinda. Akaingia kwenye kibanda cha kwanza alichokiona. Wali ulikuwa bwabwa, maharage maji matupu, lakini alikuwa na njaa, akainama, akala. Kwa kupitia uchochoroni hakujua kuwa duka la dawa la kina Lulu liko nyuma ya ukuta ule. Lulu na Raudha walitoka kununua vocha.

"Si Mwishehe yule?" Raudha akasema.

Lulu alikwenda akasimama mbele ya meza, koti jeupe, macho makavu.

"Kumbe hivi ndivyo unavyoshiba?"

Mwishehe akalirudisha tonge kwenye sahani. Watu wote kibandani wakaacha kutafuna.

"Lulu, ngoja, kaa nikwambie..."

"Wali wa mama yangu umeukataa. Huu uji ndio unaokufaa! Mkataa pema pabaya panamwita. Kwa mama yangu kula unaweza, kuoa ndiyo inakutia kinyaa, si ndiyo?"

"Siyo hivyo, haki ya Mungu."

"Ni vipi basi? Sema! Sema hapa!"

Mwishehe akawatazama wale watu, akamtazama Raudha, akatazama mkono wake uliojaa mchuzi. Lulu akageuka akaondoka, na Mwishehe akabaki amekaa, ananuka aibu kuliko samaki wa juzi.

Muntasir ndiye aliyemfumbua macho. Alimfuata karakanani, akamvua ile kofia ya kuchomea kwa mkono wake.

"Wewe, mtu. Unajua Bi Mwana hacheki tena?"

"Nani kakwambia?"

"Naenda kula kila siku, nitaambiwa na nani? Leo nimemtania, nikamuuliza mchumba wako yuko wapi. Akaweka mwiko chini akalia, Mwishehe. Akasema, 'Mdomo wangu umemkosesha mwanangu mume.' Akasema mdomo wake, unasikia? Utani ulianza wewe. Mchuzi ulikuwa kwenye mdomo wako. Sasa mama wa watu ndiye anayebeba?"

Mwishehe alikaa juu ya rundo la vyuma. Siku zote hizo alidhani aibu ni yake peke yake, ameifunga vizuri, haimwagiki. Kumbe inamwagikia yule mama aliyemtunzia ukoko. Aliona haya kwa kuona kwake haya, na machozi yakamtoka, tena mbele ya Muntasir ambaye atamsimanga nayo mpaka uzeeni.

Akampigia Lulu pale pale. Simu ikaita, ikakatwa. Akapiga tena.

"Unataka nini?"

"Usinikatie. Nikimaliza utakata, usinipigie tena maisha. Lulu, nilimposa mama yako."

"Unasemaje?"

"Kwa utani. Kibandani. Kila siku, mbele ya watu. Nilimwita mke mtarajiwa, yeye akaniita mchumba. Nilikuwa sijui ni mama yako! Halafu siku ile akatoka na sinia, akaniita mchumba mbele ya mjomba. Lulu, kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe hata kama hajapata kumtania. Mie nimelamba vidole mbele yake. Nimecheua! Nitamwangalia na macho gani? Si kinyaa. Wali wa mama yako naulilia. Juzi Manzese nilikuwa nakula ule uji huku nauota wa kwenu."

Upande wa pili akasikia sauti ya ajabu, akadhani Lulu analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini nyuma ya kioo, Raudha anamuuliza mgonjwa gani huyo. Kisha kicheko kikageuka kilio kweli.

"Mwishehe."

"Naam, mpenzi."

"Na mie nina langu. Ulipomtaja Bi Mwana nilijua palepale. Nikakwambia sili vya kibandani. Ule wali umenikuza mie, umenilipia shule, umeninunulia hili koti. Nilimkana mama yangu kwa kuogopa uninuse moshi. Ningesema siku ile, usingeingia kwetu kichwa kichwa. Wewe uliona aibu kwa kumheshimu mama. Mie nilimwonea aibu mama mwenyewe. Nani mbaya?"

Safari hii simu hakuna aliyeikata. Wakabaki hivyo, wawili wanasikiliza pumzi za mwenzao.

Usiku huo Lulu alimkanda mama yake miguu, akamwambia yote, na lake mwenyewe, la shuleni na la sokoni, hakubakisha. Bi Mwanakombo hakumgombeza. Alimshika kichwa akakilaza mapajani.

"Nilijua, mwanangu," akasema. "Hilo lako nilijua siku nyingi. Nilikuwa nangoja likuchoshe."

Hilo lilimuuma Lulu kuliko kofi. Alilia mpaka kanga ya mama yake ikalowa.

"Na huyo kijana," mama akaendelea baada ya muda, "tatizo lake ni kula mbele yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mbele yangu tu?"

"Mbele yako tu."

"Basi kesho mlete," akasema, na kwa mara ya kwanza siku nyingi jino la dhahabu likaonekana.

Kesho yake Lulu aliomba ruhusa kazini. Raudha naye akaomba, maana umbea wa namna hiyo haupitwi. Mchana mafundi wa Chang'ombe walipofika kibandani walikuta mambo. Kanga mbili zimeunganishwa, zimening'inizwa kutoka kwenye boriti mpaka karibu na chini, zimelitenga benchi la mwisho na jiko. Na aliyekuwa anapakua ni binti mzuri, kajifunga aproni iliyojaa masizi, jasho linamtiririka.

"Sista, wewe mgeni hapa?" fundi mmoja akauliza. "Huyu Bi Mwana nani wako?"

Raudha alikuwa amekaa pale pale. Lulu akahisi uso unawaka kama zamani. Akauacha uwake.

"Mama yangu mzazi," akasema kwa sauti, benchi zote zikasikia. "Mie ndiye Binti Sufuria. Nikuongezee mchuzi?"

Jikoni, Bi Mwanakombo akageukia ukuta akajifuta macho, akasingizia moshi.

Mwishehe akaja ameinamisha kichwa, Muntasir anamsukuma mgongoni. Akaingia nyuma ya kanga, akakaa. Haonekani ila viatu. Lulu akampelekea wali, samaki wa kupaka, ndimu. Kibanda kizima kikanyamaza, watu wameshika matonge hewani. Kutoka upande wa jiko, chini ya kanga, mkono mnene wenye bangili ukasukuma bakuli la bluu.

Kisha, nyuma ya kanga, ukasikika ukoko unavunjika menoni.

Bi Mwanakombo alifumba macho. Alisikiliza mpaka mwisho, tonge kwa tonge.

"Mwanangu," akaita kwa upole, hajawahi kumwita hivyo. "Chumvi imekaa?"

Viatu vikasogea. Sauti ikatoka ya chini, ya mtu aliyeungua masikio.

"Imekaa, mama."

"Umeshiba?"

Bakuli la bluu likarudi taratibu chini ya kanga, tupu, limelambwa.

Mafundi wakapiga meza, Muntasir akapiga vigelegele mwanamume mzima. Bi Mwanakombo akaliokota lile bakuli, akalikwangulia ukoko uliobaki, akainama nalo. Lakini hakulisukuma. Alilishika palepale ukingoni, na vidole vya Mwishehe vilivyotokeza upande wa pili vikabaki vinangoja.

"Uliniahidi barua," akasema. "Kila siku kesho, kila siku wino umeisha. Safari hii mjomba wako ailete kweli. Na jina aandike la Lulu."

Lulu alisimama na upawa mkononi, mchuzi unamdondokea miguuni, hasikii.

"Kesho, mama," Mwishehe akasema.

Na bakuli likapita.